Vikao vitano na kijana anayetumia dawa za kulevya: mwongozo kwa mshauri wa mtaani

Mwongozo huu nimewaandikia washauri nasaha wanaofanya kazi katika vituo vya vijana, zahanati, shule, makanisa na misikiti ya Nairobi, na hasa wale ambao tayari wamegundua kwamba kijana aliyeketi mbele yao hatakuja kila wiki kwa miezi sita. Atakuja mara nne au tano. Baada ya hapo atapata kibarua cha mjengo upande wa Ruaka, au nyumba yao itafungwa kufuli kwa sababu ya kodi, au nauli ya kutoka Kayole itakosekana tu. Ni afadhali basi kupanga kazi ya vikao vitano inayofika mwisho, kuliko kuanza safari ndefu inayokatikia njiani na kumwachia kijana jambo jingine la kujiona ameshindwa.

Ufupi huu una msingi wake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, alichapisha maelezo ya namna ya kuzungumza na watu wenye matatizo ya pombe bila kubishana nao, kwa kuwasaidia wazisikie sababu zao wenyewe za kutaka kubadilika. Mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakaipanua njia hiyo katika kitabu, na mimi huiita mazungumzo ya kuamsha ari. Mwaka 2004 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha vijana 600 wenye matatizo ya bangi. Baadhi yao walipewa vikao 5 tu, viwili vya ana kwa ana na vitatu vya kikundi, na matokeo yao yakakaribiana na ya wenzao waliopewa tiba ndefu zaidi. Hapa mtaani mimi hufanya vikao vyote vitano ana kwa ana, kwa kuwa kikundi cha vijana sita wanaotoka eneo moja hugeuka kuwa maskani nyingine, na siri iliyosemwa Jumanne huwa imefika kwa mama mboga kabla ya Alhamisi.

Kuna suala la lugha ambalo halina budi kutangulia. Vitabu vya taaluma humwita anayehudumiwa mteja. Mitaani mwetu neno hilo limekatwa likawa teja, na teja ni yule anayeonekana ameinama kando ya barabara mchana kwa sababu ya heroini. Kijana akikusikia ukimwambia mwenzako kwa simu kwamba uko na mteja, utakuwa umempa jina analolikimbia. Mwite kwa jina lake.

Kabla hajafika

Tafuta chumba ambacho mlango wake hautazamani na foleni. Weka viti viwili vya urefu sawa bila meza katikati, na chupa ya maji, kwa sababu aliyevuta bangi au kutafuna miraa huwa na kinywa kikavu na ataona haya kuomba. Mweleze bawabu kwamba anayesema amekuja kukuona aruhusiwe kupita bila kuulizwa shida yake. Ukimtumia ujumbe wa kumkumbusha, usitaje dawa, ushauri wala jina la kituo, maana simu nyingi nyumbani hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. “Tukutane Alhamisi saa nane” yatosha.

Upande wa sheria, yako mambo machache ya kuyaweka sawa mapema. Kijana aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, kwa hiyo panga tangu mwanzo jinsi mzazi au mlezi atakavyotoa idhini, na mweleze kijana kwamba idhini hiyo haimpi mzazi ruhusa ya kusomewa kila neno lililosemwa. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Mwalimu au kiongozi wa vijana anaweza kusaidia sana, lakini ajitambulishe kwa cheo chake halisi na awe na mshauri aliyesajiliwa anayemwongoza. Maandishi yako yafungiwe kwa ufunguo, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalihusu pia daftari lako dogo.

Kisha kuna polisi. Kupatikana na bangi ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na kijana yeyote wa Mathare au Dandora ameshuhudia msako. Anapoingia kwako, swali lake la kwanza, ambalo halitamki, ni kama wewe ni mpelelezi. Usimwulize kamwe anayemuuzia ni nani wala anauziwa wapi. Akilitaja jina mwenyewe, usiliandike, na umwambie kwamba hukuliandika.

Kikao cha kwanza: sikiliza, kisha pima

Tenga dakika hamsini. Anza na habari ya siri, kwa maneno mepesi na bila kusoma karatasi. Mimi husema hivi: “Utakayoniambia yatabaki hapa. Yako mambo matatu ambayo siwezi kuyafunika: ukiniambia unataka kujiua, ukiniambia utamdhuru mtu, au nikijua kuna mtoto anayedhulumiwa. Likitokea mojawapo, nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia mtu mwingine.” Sentensi ya mwisho ndiyo inayowafanya wengi walegeze mabega.

Baada ya hapo uliza swali lisilojibika kwa ndiyo au la, kisha unyamaze. Wengi wa vijana wanaoletwa kwetu hawakuja kwa hiari, nao watakueleza hivyo. Usilichukue jambo hilo kama ukaidi. Mazungumzo yafuatayo ni mfano nilioutunga kutokana na mengi yanayofanana, ya kijana wa miaka ishirini na mmoja, makanga wa matatu za Eastlands.

“Ni mathe aliniambia nikuje.”

“Kwa hiyo kama ungeamua mwenyewe, saa hizi ungekuwa mahali pengine.”

“Ningekuwa stage, madam. Hapa napoteza pesa.”

“Na bado umekuja.”

Ananyamaza, anageuza kofia mikononi. “Mathe hajalala tangu Jumapili.”

Hiyo sentensi ya mama asiyelala ndiyo mali ya kikao chote. Mshauri hakuitoa kwa hoja. Alimrudishia kijana maneno yake na kutambua kwamba amefanya jambo gumu, na kijana mwenyewe akaleta sababu. Kazi yako sasa ni kuifuata sababu hiyo: “Jumapili kulitokea nini?” Ukikimbilia kumwambia kwamba mama yake anateseka kwa ajili yake, utakuwa umemnyang’anya sababu na kuifanya fimbo.

Nalisema hili kwa uchungu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimweleza msichana wa miaka kumi na tisa, kwa muda wa dakika arobaini, jinsi pombe inavyoharibu ini. Kila nilichosema kilikuwa sahihi. Yeye alitazama dari muda wote, akaniambia “asante, madam” kwa heshima kamili, na sikumwona tena. Sikuwa nimemuuliza hata mara moja kwa nini alianza kunywa. Tangu siku hiyo nimejiwekea kipimo: nikigundua nimesema sentensi nne mfululizo, nasimama na kuuliza swali.

Ukisha kupata picha ya maisha yake, ndipo upime, tena kwa kuomba ruhusa. Kwa walio kati ya miaka 12 na 21 kuna maswali sita ya CRAFFT, yaliyotungwa Boston, ambayo huulizwa kuhusu pombe na dawa nyingine kwa pamoja: kama amewahi kupanda chombo kinachoendeshwa na mtu aliyelewa, akiwemo yeye mwenyewe, kama hutumia ili atulie au akubalike kwa wenzake, kama hutumia akiwa peke yake, kama husahau aliyoyafanya, kama jamaa au marafiki wamemwambia apunguze, na kama amewahi kuingia matatani kwa sababu hiyo. Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kuonyesha kwamba jambo linahitaji kuangaliwa kwa undani. Swali la chombo lirekebishe lifanane na maisha ya hapa, yaani bodaboda na matatu, maana ukiuliza kuhusu gari la kibinafsi atajibu hapana na utapoteza habari muhimu.

Kwa mwenye miaka 18 au zaidi unaweza kutumia dodoso la ASSIST la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 8, ambalo huipa kila dawa alama zake. Alama 27 kwenda juu kwa dawa yoyote humaanisha kwamba vikao vyako vifupi havitoshi na anahitaji tiba kubwa zaidi. Kati ya 4 na 26, au 11 na 26 kwa pombe, ndipo ushauri wa muda mfupi unapofaa hasa. Uliza kila dawa kwa jina lake la mtaani: muguka (aina ya miraa), shada (bangi), kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni), keg (bia ya pipa), chang’aa, gundi, bugizi (tembe za usingizi). Kijana anayekana kutumia mihadarati anaweza kukubali bila wasiwasi kwamba hutafuna muguka kila siku, kwa kuwa kwake muguka si dawa ya kulevya.

Malizia kikao kwa kipimo cha sifuri hadi kumi. Mwulize kubadilika kuna umuhimu gani kwake leo. Akisema nne, usiulize kwa nini si tisa, kwa sababu atakutolea orodha ya udhuru na kuiamini zaidi kadiri anavyoisema. Uliza kwa nini nne na si moja. Majibu ya swali hilo yaandike kwa maneno yake, jinsi alivyoyatamka, Sheng ikiwemo, nawe umsomee kabla hajaondoka.

Mahali ambapo ushauri husimama

Sehemu hii isome kabla ya nyingine zote ikiwa una haraka, kwa sababu mshauri mwenye nia njema anaweza kumdhuru mtu hapa.

Anayekunywa pombe nyingi kila siku, ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka apate kikombe cha kwanza, usimwambie aache ghafla. Mtetemeko na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho, kifafa huweza kumpata ndani ya saa 48, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, na hata kufa. Kuachishwa kwake ni kazi ya daktari. Hali ni hiyo hiyo kwa anayemeza bugizi na tembe nyingine za usingizi kwa wingi. Zile nazo hazikatwi siku moja.

Anayetumia heroini atakwambia juu ya arosto, yaani mateso ya mwili unaponyimwa dawa uliyoizoea, na maumivu anayoyaeleza ni ya kweli: huanza saa chache baada ya dozi, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Arosto yenyewe ni nadra kuua. Hatari kubwa huja baadaye, kwa kuwa mwili uliokaa bila heroini hupoteza uzoefu, na akirudia kiasi kile kile cha zamani huweza kuacha kupumua. Mwambie hivyo waziwazi, hata kama ameapa kwamba harudii. Hapa Nairobi matibabu ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, hutolewa katika hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, na katika kituo cha afya cha Ngara. Msindikize siku ya kwanza ukiweza, kwa sababu wengi hufika langoni wakageuka.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, anayeamini anafuatwa, anayesema anataka kufa na ana mpango wa namna ya kufanya hivyo, au ambaye macho yamemwia ukungu baada ya kunywa pombe isiyojulikana ilikotoka. Ukungu huo huweza kuwa dalili ya methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, na kila saa inayopita inaweza kumgharimu macho au maisha. Msichana mjamzito naye apelekwe kliniki mapema, bila kukemewa.

Kikao cha pili: ramani ya siku moja

Chukua karatasi na mchore pamoja siku moja ya juzi, tangu alipoamka. Ichague siku halisi, maana ukiuliza juu ya siku za kawaida utapewa hadithi ya kawaida. Makanga wetu anachora hivi. Saa kumi alfajiri yuko stage kwa ajili ya trip ya kwanza, hajala. Saa moja asubuhi ananunua muguka na Big G. Saa nane mchana abiria wamepungua, magari yamepanga foleni, na nyuma ya stage kuna msokoto unaozunguka. Saa tatu usiku anapokea pesa ya siku. Saa tatu u nusu yuko kwenye keg, na anafika nyumbani saa saba, akiwa na shilingi mia mbili mfukoni kati ya elfu moja na mia mbili alizopewa.

Mwache aitazame. Kisha uliza kila kituo kina kazi gani. Muguka humfukuzia usingizi. Majani yake yana kathinoni, kemikali inayofanya kazi kwa namna inayofanana na amfetamini, dawa ya kusisimua mwili. Usiku usingizi haumjii kwa sababu ya muguka, basi anakunywa ili alale. Alfajiri anaamka na uchovu wa pombe na saa tatu tu za usingizi, na bila muguka hawezi kuning’inia mlangoni. Nimeona vijana wengi wakilifuata duara hilo kwa kidole chao kwenye karatasi na kusema wenyewe: “Kumbe nanunua moja ili nivumilie nyingine.” Bangi ya saa nane ina kazi tofauti kabisa. Ni ya kukaa na wenzake, na ya kujaza tumbo lisilo na chakula.

Hapa usikimbilie suluhisho. Uliza kitu ambacho wengi wetu huogopa kukiuliza, yaani anapata faida gani. Zipo, naye anazijua, na asipoona kwamba unazikubali atakuona mtu asiyejua maisha. Akimaliza, mwulize nini kinampa shaka juu ya hali ilivyo, na umpe muda mrefu zaidi kwa swali hilo la pili kuliko la kwanza.

Mwishoni achague kiungo kimoja tu cha kukatwa. Wewe mpe orodha ya yanayowezekana, yeye achague. Ukimchagulia keg kwa sababu ndiyo inayokukera wewe, umepoteza wiki. Yule kijana alichagua saa nane: siku tano mfululizo, magari yakipanga foleni, angekwenda kibandani kula chapati na maharagwe kwanza. Lengo la namna hiyo laweza kuonekana dogo mno kwa mzazi, lakini lina saa, mahali na idadi ya siku, na kijana anaweza kujua jioni kama amelitimiza.

Kikao cha tatu na cha nne: mazoezi

Anza kwa kuuliza lengo lilikwendaje, na uridhike na ukweli wowote. Siku mbili kati ya tano ni siku mbili ambazo hazikuwepo wiki iliyotangulia. Chunguza zilikuwa na nini ambacho zile tatu hazikuwa nacho.

Kisha mfunze kuhusu hamu ya kutumia. Hamu hupanda, hufika kilele na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata asipotumia. Kijana ambaye amekuwa akiituliza dakika ya tano hajawahi kuiona ikishuka, kwa hiyo anaamini itapanda bila mwisho. Mpe zoezi la kuipima kwa saa ya simu: aandike ilianza saa ngapi, ahame mahali alipo, anywe maji, ampigie mtu mmoja mliyekubaliana, aandike ilikwisha saa ngapi. Anayeacha bangi mwambie pia kwamba kuanzia siku ya kwanza au ya pili anaweza kuwa na hasira za bure, kukosa usingizi na hamu ya chakula, na kuota ndoto nzito. Mambo haya huwa makali zaidi wiki ya kwanza na wengi hutulia ndani ya wiki mbili. Asiyeambiwa hudhani anarukwa na akili, akarudi kwenye msokoto.

Zoezi la kukataa lifanyeni kwa sauti, mkiwa mmesimama. Wewe uwe rafiki wa stage unayenyoosha mkono wenye msokoto. Jibu lake liwe fupi na la lugha yake: “Leo zii, buda, niko na mathe hosi asubuhi.” Mwonye asitoe hotuba, kwa kuwa rafiki atajibu hotuba kwa kicheko. Rudieni mpaka aseme bila kutazama chini. Mweleze pia kwamba si lazima awaache marafiki wote siku moja. Kijana wa mtaani bila marafiki wake hana wa kumwazima nauli wala wa kumtetea usiku, na mshauri anayemwamuru aache kundi zima anamwomba kitu asichoweza kukilipia.

Pesa ishughulikiwe kama kichocheo, kwa kuwa anayelipwa kila jioni hujaribiwa kila jioni. Wengine hutuma sehemu kwa dada au mama kwa M-Pesa kabla hawajashuka kwenye gari, na wengine hulipa chama papo hapo. Lolote atakalochagua, lifanyike kabla ya kupita mlango wa keg.

Kikao cha nne fuateni mpango ule ule na muongeze kiungo cha pili ikiwa cha kwanza kimeshika.

Mzazi

Kijana akikubali, mwite mzazi kwa nusu saa kati ya kikao cha tatu na cha nne, na mkubaliane naye mapema yatakayosemwa na yatakayobaki. Mpokee mzazi kwa heshima yake, kwa kuwa mara nyingi anakuja akitarajia kulaumiwa. “Mama, pole kwa usiku wote huo” ni mwanzo mzuri kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu.

Wengi huwa na wazo la kumpeleka mtoto ushago. Silipingi moja kwa moja. Mwezi mmoja kwa nyanya Murang’a au Siaya unaweza kumpa usingizi, chakula na umbali na stage. Shida ni kwamba hurudishwa kwenye chumba kile kile, kwa wenzake wale wale, bila zoezi lolote alilofanya. Akienda, aende na mpango wa siku atakayorudi. Wengine huuza hata kipande cha shamba ili walipie kituo cha kurekebisha tabia. Waulize kama kituo hicho kimeidhinishwa na NACADA, mamlaka ya taifa inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya, na kama familia inaruhusiwa kumtembelea. Mahali ambapo watu hupigwa au kufungwa minyororo, mtoto asipelekwe, hata wasifiwe vipi.

Mwombe mzazi mambo mawili tu: amwambie kijana anapoona mabadiliko, hata yakiwa madogo, na mazungumzo mazito yangoje asubuhi, asiyaanze usiku kijana akiwa amelewa.

Kikao cha tano, na baada yake

Acha wiki mbili au tatu kati ya kikao cha nne na cha tano, ili maisha yapate nafasi ya kuujaribu mpango. Mara nyingi atakuja akiwa amerudia. Utalijua kwa namna anavyogonga mlango. Mwambie kwamba umefurahi kumwona, kisha toeni ile ramani ya siku na muiweke siku aliyoteleza juu ya karatasi mpya, saa kwa saa, kama mlivyofanya mwanzo. Utakuta mteremko ulianza mapema kuliko yeye anavyodhani: gari lilikamatwa, hakulipwa, akagombana na dada, akakaa stage bila kazi mpaka jioni. Msokoto ulikuja mwisho. Hapo ndipo mnapoongeza sentensi mpya kwenye mpango, inayoanza na “siku ambayo gari limekamatwa, mimi nitafanya hivi.”

Mpango wenyewe uandikwe kwenye kikaratasi kinachoingia nyuma ya kava la simu: sababu mbili zake mwenyewe kutoka kikao cha kwanza, saa mbili za hatari, jina la mtu wa kumpigia, na nambari 1192, ambayo ni simu ya bure ya NACADA inayopokelewa usiku na mchana. Kwa aliye chini ya miaka 18 ongeza 116, simu ya bure ya watoto. Aandike yeye kwa mwandiko wake.

Rudia kipimo cha sifuri hadi kumi, na dodoso mlilotumia mwanzoni, mlinganishe. Kama alama hazijashuka, au zimepanda, sema hivyo bila kuficha na umweleze hatua inayofuata ni ipi: kliniki, daktari, au vikao virefu zaidi na mshauri mwingine. Mpe jina la mtu atakayemkuta huko na siku ya kwenda, kisha umpigie mtu huyo simu kijana akiwa bado ameketi nawe.

Mpigie kijana baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya miezi mitatu. Piga saa ambayo ramani yake inaonyesha yuko huru. Kwa makanga wetu ni saa nane mchana. Asipopokea, tuma ujumbe usiotaja lolote, ujaribu tena wiki ifuatayo. Akipokea, usianze kwa kuuliza kama ametumia. Uliza leo amekula nini kibandani, na usubiri.